Tundu Katika Shuka

Jumanne, tarehe 20 Aprili 1971. Usiku kucha mvua ya mawe ilikuwa imevipiga vilima vya Ekerenyo, na asubuhi ukungu mzito ulilala mabondeni, baridi ikiuma vidole. Chini ya migomba mawe ya barafu yalikuwa bado hayajayeyuka. Majani machanga ya chai, yale ambayo yangechumwa siku hiyo, yalikuwa yamechanika na kutapakaa ardhini. Kila boma watu walisimama mashambani wakiitazama hasara yao, wengine wakiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo ili wasije wakanung'unika mbele ya Mungu. Katika boma la Ombati, hakuna aliyeikumbuka chai.

Ndani ya nyumba ya Mogire, mwana wa Ombati, mkewe Gesare alikuwa ameketi kitandani akiegemea ukuta. Mogire mwenyewe alikuwa kibarua Kericho na hangerudi kabla ya mwisho wa mwezi. Mtoto wao wa kwanza, msichana wa wiki tatu, alilia kwa njaa mikononi mwa Nyanchera, mama yake Mogire. Titi la kushoto la Gesare lilikuwa limevimba mpaka ngozi iling'aa kama kibuyu kilichopakwa samli.

"Mama, usiguse."

"Sijagusa, mwanangu. Naangalia tu."

"Hata macho yako yananiuma."

Nyanchera akaangalia pembeni. Mwili wa yule binti ulikuwa unatoa joto hata ukisimama mbali naye.

"Twende dispensari," alisema. "Siyo mbali, na ni bure."

"Nani yuko dispensari, mama?"

Wote wawili walijua jibu. Tangu Januari, yule muuguzi mwanamke alipohamishwa, dispensari ya serikali ilikuwa imebaki na mtu mmoja tu, dresa Thadeus Omwenga, mwenye kazi ya kutibu na kufunga vidonda. Alikuwa mtu mpole, aliyesomea kazi yake miaka mitatu na kupewa cheti. Lakini baba yake Omwenga na baba yake Ombati walizaliwa tumbo moja. Kwa hiyo Omwenga alikuwa ndugu ya Ombati, na ndugu ya Ombati alikuwa baba mkwe wa Gesare sawasawa na Ombati mwenyewe. Baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe. Hamtazami mwili wake, na hakanyagi ndani ya nyumba yake. Hiyo ndiyo heshima ambayo Wagusii huiita chinsoni, na watu wa Ekerenyo walipobatizwa waliacha pombe na matambiko, lakini chinsoni hawakuiacha.

Nje, sauti ya mwanamume ilikohoa. Ombati alikuwa amesimama karibu na ghala, mgongo ameuelekeza mlangoni, kama inavyompasa baba.

"Nyanchera! Mke wa Mogire ameamkaje?"

"Kifua kinamsumbua."

"Ni kikohozi?"

"Siyo kikohozi."

Ombati alielewa. Alikuwa amewalea mabinti wanne, hakuwa mjinga.

"Basi mpeleke kwa Zachariah. Leo ni Jumanne, atakuwa sokoni."

"Na Omwenga, je?"

"Omwenga ni ndugu yangu," alisema Ombati. "Umesahau leo?"

Akaondoka, buti zake zikivunja barafu.

*

Zachariah Ombui alikuja kutoka Nyansiongo kila Jumanne na Ijumaa. Alikodi chumba nyuma ya kinu cha posho, akatundika pazia la maua mlangoni, akavaa koti jeupe. Ukutani kulikuwa na cheti ndani ya kioo chenye ufa, chenye muhuri mwekundu na sahihi ya mzungu. Hakuna mtu pale sokoni aliyewahi kukisoma. Muhuri ulitosha.

Foleni ilikuwa ndefu, na ilikuwa ya wanawake. Tryphosa, jirani wa Nyanchera, alikuwa mbele yao, amejifunga kanga mbili.

"Hata wewe, mke wa Mogire?" alisema akicheka. "Karibu kwenye foleni ya wakwe wa Omwenga! Yule mtu ameoza meno kwa kukaa dispensari bila wa kuongea naye. Ana vidonge debe zima na hana wa kumpa."

"Vidonge vya bure," mwanamke mwingine alisema. "Cha bure kina nguvu gani?"

"Omwenga angezaliwa ukoo mwingine tungempenda," Tryphosa alisema, na wote wakacheka, isipokuwa Gesare.

Zamu yao ilipofika, Zachariah aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa furaha, na kabla ya kumwona mgonjwa yeyote aliomba kwanza. Aliomba vizuri. Nyanchera aliitika amina akahisi moyo wake umetulia. Kisha Zachariah akafungua nguo ya Gesare, akatazama, akapiga ulimi.

"Ah! Ugonjwa huu ni rafiki yangu. Kule Nyansiongo, kwenye shamba la mzungu, nimeutibu miaka kumi na moja. Wamepona mikononi mwangu zaidi ya mia mbili."

"Kulikuwa na wanawake wengi hivyo kwa mzungu?" Nyanchera aliuliza.

Zachariah alimtazama, kisha akacheka sana.

"Mama, wewe unauliza maswali kama karani wa korti! Mshike mabega."

Aliliminya lile titi kwa vidole viwili, kutoka juu kwenda chini, tena na tena, kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Gesare alilia, lakini kinu cha posho kilikuwa kinanguruma na hakuna aliyesikia. Kisha Zachariah akatoa sindano. Nyanchera alikuwa amewahi kuona sindano dispensari, lakini hii ilikuwa nene kama msumari. Dawa ilikuwa nyeupe na nzito kama maziwa yaliyoganda. Aliidunga palepale, ndani ya uvimbe.

"Kidonge ni cha mtoto," alisema akipangusa paji lake la uso. "Ugonjwa wa mtu mzima unataka sindano. Asimnyonyeshe mtoto upande wowote. Chupa hii nyingine wekeni mahali pa baridi, nitakuja mwenyewe kwa baiskeli kesho na keshokutwa. Na chupa tupu sitaki itupwe. Ninazihesabu."

Walimpa kuku wawili na shilingi kumi. Akawasindikiza hadi mlangoni kama wageni.

*

Nyanchera alikuwa mwanafunzi wa ngumbaru. Kila Jumatatu na Jumatano jioni, baada ya kuchuma chai na kupika, alikwenda shule ya msingi na kukaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Ombati alikuwa amemcheka mwanzoni. "Utaandikia nani barua? Mimi niko hapa." Lakini Nyanchera alitaka kusoma Zaburi kwa macho yake mwenyewe kabla hajafa, na alikuwa ameomba jambo hilo kwa miaka mingi.

Mwalimu aliwaambia wanakili kila herufi wanayokutana nayo. Kwa hiyo daftari la Nyanchera lilikuwa limejaa maneno ya kiberiti, ya sabuni, ya mfuko wa mbolea. Jumatano asubuhi, akiwa amekaa karibu na mtungi ambamo chupa ya dawa ilikuwa imezamishwa, aliitoa, akaipangusa, akanakili. Maneno yalikuwa ya Kiingereza na yalikuwa mengi, na penseli ilikuwa fupi. Alichora kila herufi kwa utaratibu, ulimi ukiwa nje kidogo. Hakushuku kitu chochote. Alifurahi tu kwamba ukurasa umejaa.

Zachariah alikuja siku hiyo, akadunga. Alikuja Alhamisi, akadunga tena. Lakini Alhamisi uso wake ulibadilika alipofunua nguo. Ngozi ilikuwa imekuwa ya zambarau, na harufu ilijaa chumbani. Gesare alikuwa anatetemeka, akiita jina la mama yake aliyekufa zamani. Zachariah alidunga haraka, akaitia ile chupa mfukoni, akachukua kofia yake.

"Ni dawa inapigana na ugonjwa," alisema, lakini hakuwatazama. "Nitarudi Jumapili."

"Daktari, tumpeleke hospitali?"

"Ukichanganya dawa yangu na ya hospitali atakufa papo hapo. Na mimi sitakuwa nimemuua. Mtakuwa mmemuua nyinyi."

Akapanda baiskeli. Aliitelemka njia ya matope kwa kasi, koti jeupe limekunjwa kwenye kapu.

*

Ijumaa Zachariah hakuonekana sokoni. Pazia la maua lilikuwa limeondolewa.

Mtoto alikuwa akinyweshwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, kwa kijiko, na alikuwa akiyatapika. Kilio chake kilikuwa kimepungua nguvu, na hilo lilimtisha Nyanchera kuliko kilio chenyewe. Gesare hakuwa anaongea tena maneno ya maana. Nyanchera alitoka, akaenda kati ya migomba mahali asipoonekana, akapiga magoti kwenye majani yenye maji.

"Ee Nyasae, Mungu wangu," alisema, "nimekuomba kwa miaka mingi nijue kusoma. Sasa sitaki kusoma. Chukua herufi zote, unirudishie huyu mtoto wa watu. Nilimtoa kwa mama zake wadogo kule Nyakoe nikiwa na miguu yangu miwili, nikawaahidi nitamtunza. Nitawaambia nini?"

Akakaa pale akingoja jibu. Kilichokuja ni baridi magotini tu. Alipoinuka aliingia nyumbani akachukua daftari lake, bila kujua vizuri kwa nini, akaenda dispensari.

Thadeus Omwenga alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi ya wagonjwa, akisoma Biblia. Alipomwona mke wa ndugu yake alisimama.

"Shemeji. Hujambo? Ni Ombati?"

"Ni mke wa Mogire."

Alimweleza kila kitu akiwa ametazama sakafu. Alipofika kwenye maneno ya chupa alifungua daftari, akampa. Omwenga alisoma, akasoma tena, kidole kikifuata zile herufi zilizopinda.

"Umeandika hii wewe mwenyewe?"

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea." Alifunga daftari. "Shemeji, hii ni dawa ya kiwele cha ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa akivimba kiwele, wanamtia hii. Imeandikwa hapa, wewe umeiandika: isitumiwe kwa binadamu."

Nyanchera alikumbuka vile vidole vya ustadi, kutoka juu kwenda chini. Mia mbili wamepona. Alikuwa amesema kweli. Alikaa kwenye benchi.

"Kwa nini hamkumleta hapa siku ya kwanza?" Omwenga aliuliza. "Ilikuwa kazi ya robo saa. Robo saa tu!"

"Wewe ni baba yake."

Omwenga alimrudishia daftari. Alikuwa anajua. Kwa miezi minne alikuwa ameona foleni ile nyuma ya kinu cha posho, wake wa wana wa ndugu zake, na alikuwa amepita upande wa pili wa barabara. Aliandika barua mbili Kisii kuomba muuguzi mwanamke. Kuhusu Zachariah hakuandika. Alijiambia kwamba kama hawezi kuwagusa, basi na awaguse mwingine.

Alichukua mkoba wake, akafunga mlango wa dispensari.

*

Ombati alikuwa kwenye lango la boma. Aliwaona wanakuja, akanyoosha mkono.

"Omwenga, simama hapo. Unakwenda wapi na huo mkoba?"

"Kumtibu mgonjwa wako, ndugu yangu."

"Humo ni nyumbani mwa Mogire. Hata mimi sijaingia tangu ilipoezekwa."

"Anakufa, Ombati."

"Nani kasema? Daktari anarudi Jumapili."

"Daktari!" Nyanchera alipaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mumewe. "Daktari wako ni mchunga ng'ombe! Amemdunga mkwe wako dawa ya ng'ombe siku tatu, na wewe ulimlipa kuku!"

Ombati alimtazama Omwenga, naye Omwenga akainamisha kichwa kukubali. Uso wa Ombati ukawa kama wa mtu aliyepigwa. Lakini mkono wake ulibaki pale pale langoni.

"Kuna waliokufa kwa ugonjwa na wakazikwa kwa heshima," alisema polepole. "Lakini boma ambalo baba amemvua mke wa mwanawe, watu watalitaja kwa jina gani?"

"Mama yako mwenyewe alikwenda sokoni kifua wazi," Nyanchera alisema. "Mimi nilimwona. Mbingu hazikuanguka."

"Alitazamwa. Hakuguswa."

Walikuwa bado wamesimama hivyo waliposikia sauti nyuma yao. Gesare alikuwa ametoka. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, miguu mitupu, blanketi likiburuta. Ombati aligeuka haraka akatazama barabarani, kwa desturi.

"Baba," Gesare alisema. Hakuwahi kumwita kwa sauti kubwa namna ile. Kila neno lilitoka peke yake. "Mimi ndiye nina haya kuliko nyinyi wote. Hayo mnayoyasema nimeyabeba mimi kifuani siku nne. Sasa nimechoka kuyabeba. Mtoto wangu anataka mama. Mimi nimekubali. Kama ni dhambi, iwe yangu."

Kisha magoti yake yakakunjika. Nyanchera alikimbia akamdaka.

Mkono wa Ombati ulishuka kutoka langoni. Hakusema ndiyo. Alitembea mpaka kwenye ghala, akasimama huko, mgongo ameugeuza, kofia mkononi.

Omwenga hakuingia ndani. Alisimama uani. "Mlete hapa barazani, shemeji. Sitavuka mlango. Na mfunike."

Nyanchera alitoa shuka jeupe alilolihifadhi kwenye sanduku, lile alilotaka azikwe nalo. Alimlaza Gesare kwenye mkeka, akamfunika kutoka kichwani mpaka miguuni. Halafu akachukua mkasi wa kushonea, akapapasa juu ya kitambaa, akakata tundu moja la duara. Kupitia tundu lile lilionekana jipu tu, jeusi katikati. Hakuonekana mkwe wala mwanamke. Kilikuwa kidonda tu, na Omwenga alikuwa mtu wa vidonda.

Alinawa mikono mara mbili. Midomo yake ilikuwa inaomba. Alipokata, usaha ulitoka mwingi hata ukajaza beseni, na Gesare alipiga ukelele mmoja uliowatoa kuku wote uani. Kule kwenye ghala mabega ya Ombati yaliruka, lakini hakugeuka.

"Sijamaliza kumwokoa," Omwenga alisema, akifunga bandeji juu ya shuka. "Nyama imeoza ndani. Lazima afike hospitali ya Kisii leo hii, kabla ya jua kuzama."

Lori la majani ya chai lilikuwa kwenye kituo cha kununulia chai. Dereva alikataa kwanza, akasema ana njia yake na saa zake. Ombati ndiye aliyekwenda kuzungumza naye. Hakuna aliyesikia alichosema, lakini watu walimwona Ombati, mzee wa kanisa, akimshika dereva magoti mbele ya wachumaji wote. Walimpandisha Gesare juu ya magunia ya majani mabichi yaliyosalimika na mvua ya mawe, Nyanchera akiwa na mtoto kifuani, Omwenga akishika kichwa cha mgonjwa. Lile shuka lilikuwa bado limemfunika, na tundu lake lilikuwa limekuwa jekundu.

*

Gesare hakufa. Alikaa hospitali wiki tatu na akarudi na titi moja. Mogire alikuja kutoka Kericho, akamtazama, akatoka nje akakaa na baba yake bila kuongea, kwa sababu kwa chinsoni mambo kama hayo mwana hayazungumzi na baba. Mtoto alikuwa hai, mwembamba, na kila siku Nyanchera alimpima kwa mikono yake akidhani jana alikuwa mzito zaidi. Huko Nyakoe walituma ujumbe kuuliza: tulikupa binti mzima, mbona tunasikia habari nusu nusu?

Habari zilikuwa nusu nusu kwa sababu Ombati ndiye aliyezikata. Askari wa chifu alipokuja kuuliza, baada ya Omwenga kuandika barua Kisii, Ombati alimwambia, "Alikuwa na kifua." Askari akaandika: kikohozi.

Zachariah alirudi sokoni wiki ya pili ya Mei. Pazia la maua likatundikwa tena. Tryphosa mwenyewe alionekana kwenye foleni. "Nitafanya nini?" alimwambia Nyanchera bila kucheka. "Mgongo unauma, na Omwenga bado ni baba mkwe wangu."

Jumatano, tarehe 19 Mei, chifu aliita baraza uwanjani. Asubuhi hiyo Ombati alisimama karibu na ghala, akasikia sauti ya Gesare kutoka ndani ikimwambia Nyanchera, "Mama, mwambie baba kwamba kama yeye hawezi kusema, nitasema mimi. Nitafungua nguo mbele ya chifu waone."

Ombati aliingia nyumbani kwake. Alivaa koti lake la Sabato, ingawa haikuwa Sabato.

Uwanjani wanaume walikaa mbele kwenye viti na mawe, Mogire miongoni mwao, wanawake nyuma kwenye nyasi. Zachariah alikaa karibu na chifu, na cheti chake chenye ufa kilikuwa magotini.

"Barua ya dresa ninayo," chifu alisema. "Lakini dresa hakuona sindano ikidungwa. Mwaka jana pia tulisikia habari za marehemu Drusilla, naye aliyetibiwa na Zachariah, na tulipofika kortini Kisii mumewe akasema alikufa kwa homa. Nilichekwa na hakimu. Safari hii nataka mwenye boma. Mwenye boma akikana, korti itamsikiliza nani?"

"Kuna maandishi," Omwenga alisema kutoka nyuma. "Jina la dawa limeandikwa kwa mkono wa mama Mogire."

"Daftari la ngumbaru!" Zachariah alisimama, mikono wazi, uso wa furaha. "Wazee wangu, kesho ataandika kwamba ni mimi niliyeleta mvua ya mawe!"

Watu walicheka. Walicheka sana, hata wengine waliokuwa wamempenda Nyanchera. Naye alikaa kwenye nyasi, daftari mapajani, akalifunika kwa viganja vyake.

"Mimi nimewasaidia wakati serikali imelala," Zachariah aliendelea. "Nani hapa ana ubaya na mimi? Asimame aseme."

Chifu aliwazungushia macho wanaume wote. Wengi wao wake zao walikuwa wamepita kwenye lile pazia. Mmoja alikuwa anachimba udongo kwa fimbo. Mwingine alitazama saa ambayo hakuwa nayo.

"Nani ana neno?" chifu aliuliza mara ya pili. "Kama hakuna, ninafunga shauri hili."

Huko nyuma, kati ya wanawake, Gesare alimpa Nyanchera mtoto. Aliweka mkono chini, akaanza kuinuka, na mkono mwingine ulikuwa kwenye kifungo cha kwanza cha blauzi yake.

Ombati alimwona. Kwa mara ya kwanza alimtazama mke wa mwanawe usoni, na hakuangalia pembeni. Akasimama kabla yake.

"Keti, mwanangu," alisema. "Keti. Ni zamu yangu."

Kofia yake ilikuwa mkononi.

"Niliwaambia ni kifua. Nilidanganya. Ilikuwa titi."

Kelele zilitoka upande wa wazee. "Ombati! Unataja titi la mkwe wako mbele ya watu?"

"Nimelitaja. Nitalitaja tena." Aligeuka ili awatazame wote, wanaume kwa wanawake, na Zachariah, na Omwenga aliyekuwa amesimama peke yake. "Mogire mwanangu ananisikia. Mke wangu ananisikia, na daftari lake ni la kweli. Mimi Ombati, nikiwa hai, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, ninaahidi: nitakwenda Kisii kwa hakimu. Nitasema jina la Gesare. Nitasema ni titi, na nani aliyelidunga, na kwamba ilikuwa dawa ya ng'ombe. Na hakimu akiniuliza ni nani aliyempeleka kwa mtu huyu huku ndugu yangu mwenye cheti ameketi dispensari bila kazi, sitasema alipelekwa na ugonjwa. Nitasema ni mimi."